Marekani Unaweza Kufilisika Usamehewe Karibu Kila Deni, Lakini Deni ya Campo Utazeeka Nayo

Wacha nianze na beef ya familia, ju hapo ndo hii story ilianzia.

Mdogo wangu alipata nafasi kwa college moja huko Ohio. Scholarship walimpa nusu. Nusu ingine ajitafutie. Mathe akaitisha kikao cha WhatsApp, akaamua kama jaji: cuzo yetu wa Dallas atamsainia mkopo. Si kulipa, kusaini tu. Cuzo mwenyewe ni nesi, alienda Texas na wazazi wake akiwa class four, green card ikatoka, na huku kwetu tangu zamani anahesabiwa kama mtu ameomoka. Kila Disemba picha zinakuja: gari, uwanja mkubwa mbele ya nyumba, nyumba zenye hazina hata gate.

Cuzo akasema hapana.

Manze, group ilichemka. Uncle mmoja akaandika ati amekuwa mzungu. Auntie akatoka kwa group, akarudishwa, akatoka tena. Hata mimi nilikasirika, sitadanganya. Kusaini ni wino tu, ama?

Usiku wa hiyo siku akanipigia. Saa saba ya usiku huku, kwao saa kumi na moja jioni, anajitayarisha kuingia shift. Hakutaka kuongea mob. Alinitumia screenshot. Ilikuwa akaunti ya mkopo wake mwenyewe wa college. Alikopa dola 29,000. Alimaliza masomo 2017. Ameshalipa doo kibao. Na bado anadaiwa dola 31,000 na kitu. Nikamuuliza kama hizo namba zimegeuzwa. Akacheka, kile kicheko cha mtu amechoka, akaniambia nisome kwanza halafu nimpigie.

Nikasoma. Usiku mzima. Na mi si mtu wa kusoma usiku, kumbuka niliacha campo mwaka wa pili. Fee ilikatika, mathe akaugua, nikaanza kuandika vitu za online kidogo kidogo, semester moja ya kupumzika ikageuka miaka minne. Mkopo wa masomo nilikuwa nimeshachukua, so najua venye inafeel kupata ile SMS ya kukukumbusha. Lakini hii ya Marekani ni kitu ingine kabisa.

Anza na saizi. Watu kama milioni 43 huko wana deni ya masomo kutoka serikali kuu, na jumla yake ni kama dola trilioni 1.6. Ukibadilisha kwa bob 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi trilioni 200. Bajeti yetu yote ya mwaka, yenye tunapigania kila Juni, iko kwa trilioni nne na kitu. Sasa weka hiyo bajeti mara 40 na bado hujafika.

Na si eti walizaliwa hivyo. Hii ndo ilinishangaza zaidi. Chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kilikuwa hakitozi wakaazi karo mpaka 1976. Ulikuwa unaingia tu, mtoto wa fundi viatu anakaa na mtoto wa daktari. California nayo ilikuwa inasomesha watoto wake bila karo, mpaka gavana mmoja kwa jina Ronald Reagan, huyo huyo wa baadaye, akaanza kusukuma walipe, kutoka 1967. Nayo serikali ya Washington ilishaanza kukopesha wanafunzi 1958, sababu Warusi walikuwa wametuma Sputnik angani mwaka mmoja mbele na Wamarekani wakapata baridi. Wakaona wanahitaji wanasayansi haraka. Halafu 1965, rais Lyndon Johnson akarudi kwa college yake ya zamani, San Marcos, Texas, akasaini sheria ya elimu ya juu hapo hapo. Wazo lilikuwa poa: hakuna mtoto abaki nje ju mzazi hana. Benki zikopeshe, serikali isimame mdhamini.

Shida ni venye mambo yaliendelea. Kadri majimbo yalipunguza pesa za vyuo, karo ikapanda, na mkopo ukapanda kujaza shimo. Kitu kilichoanza kama ngazi ya kupandia kikawa ndo nyumba yenyewe.

Sasa tufike kwa hiyo story ya kufilisika, ju hapa ndo nilipoelewa cuzo.

Marekani ni nchi inapenda sana mtu kuanza upya. Ukilemewa na madeni, unaenda kortini, unasema maze nimefilisika, jaji anaangalia, na madeni mengi yanafutwa. Credit card inaenda. Bill ya hospitali inaenda. Kampuni za Donald Trump, casino na hoteli, zilipitia hiyo njia mara sita, na jamaa akawa rais mara mbili. Hakuna aibu, ni sheria.

Lakini mkopo wa masomo uliondolewa kwa hiyo meza. Polepole, kama mtu anakunyang'anya kiti ukiwa umekikalia. Mwaka wa 1976, Congress ilisema huwezi kuufuta kwa kufilisika mpaka miaka mitano ipite. Sababu? Kulikuwa na uvumi ati madaktari na mawakili wanamaliza shule, wanatangaza wamefilisika, halafu wanaenda kula maisha. Wachunguzi wa serikali waliangalia wakapata ni chini ya asilimia 1 ya mikopo ilikuwa inafutwa hivyo. Haikusaidia. 1990 ikawa miaka saba. 1998, Bill Clinton akiwa rais, muda ukatolewa kabisa kwa mikopo ya serikali. 2005 wakafunga mlango hata kwa mikopo ya benki binafsi. Na kati ya maseneta waliopiga kura ya ndio hiyo 2005 alikuwa mzee mmoja wa Delaware, Joe Biden. Kumbuka hilo jina, tutalirudia.

Kuna kadirisha moja kalibaki wazi: lazima umwonyeshe jaji kuwa kulipa kutakuletea mateso yasiyo ya kawaida. Sio umaskini, mateso. Kwa miaka mingi watu wengi hata hawakujaribu, ju kumlipa wakili akuthibitishie wewe ni maskini kunahitaji doo.

Na hiyo ya benki binafsi ndo inamhusu mdogo wangu. Mwanafunzi wa kutoka nje, mwenye visa tu, hapati mkopo wa serikali ya Marekani. Anabaki na benki. Benki nyingi zinataka raia ama mtu wa green card asaini naye. Ukisaini, deni ni yako. Mdogo wangu akikosa kazi, akirudi nyumbani, akipotea, benki haimtafuti Nairobi. Inatafuta nesi wa Dallas. Na kufilisika hakutamwokoa.

Ati wino tu.

Sasa venye deni inakua ukilipa. Nilichukua kalamu, chukua na wewe. Sema umekopa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6. Riba ya mwaka ni dola 1,800, yaani 150 kila mwezi. Lakini mshahara wako ni mdogo, na mpango unakuruhusu ulipe kulingana na mshahara, sema dola 100 kwa mwezi. Unalipa 100, riba ni 150, kila mwezi unabaki nyuma na 50. Baada ya miaka kumi umelipa dola 12,000, kila mwezi bila kukosa, na deni yako imetoka 30,000 ikafika 36,000. Hujakosea popote. Ulifuata sheria. Hivyo ndo cuzo alifika kwa 31,000.

Na ukiacha kulipa siku 270, hapo ngori inaanza. Serikali inaweza kukata mpaka asilimia 15 ya mshahara wako bila kukupeleka kortini. Inachukua ile pesa ya kodi yenye ulikuwa urudishiwe. Mahakama ya Juu ilisema 2005 kwamba hata pensheni ya mzee inaweza kukatwa kwa deni ya masomo ya miaka ya nyuma sana.

Hapa kuna kitu kilinigusa kibinafsi. Ungedhani wanaozama zaidi ni wale wa deni kubwa, madaktari wa dola 200,000. Hapana. Wanaoshindwa kulipa zaidi ni wa deni ndogo ndogo, na wengi wao ni watu waliodrop out. Daktari ana deni kubwa lakini ana mshahara wa daktari. Msee aliyeacha mwaka wa pili ana deni bila ile karatasi. Marekani iko na zaidi ya watu milioni 35 walioingia college wakatoka mikono mitupu. Nilipofika hapo nilisimama nikaenda kuchemsha chai.

Weusi nao wako na hesabu yao. Wale wanajeshi waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia walisomeshwa na serikali kwa sheria ya 1944, lakini kusini mwa nchi Weusi wengi walifungiwa nje, ju waliokuwa wanagawa ni maofisa wa huko huko na vyuo vingi havikuwataka. Familia moja ikapata digrii ya bure na nyumba, ingine ikaanza na sufuri. Miaka 80 baadaye, wajukuu wa hizi familia mbili wanaingia college moja, na mmoja ndo anakopa zaidi, sababu kwao hakuna wa kuuza shamba.

Kuna siku moja hii ilionekana wazi. Mei 2019, Morehouse, college ya Weusi huko Atlanta. Siku ya graduation, bilionea Robert F. Smith akapanda jukwaani kutoa hotuba, na katikati akasema familia yake italipa deni ya darasa lote. Vijana karibu 400, dola milioni 34. Tafuta hiyo video. Kuna sekunde kadhaa wanaangaliana tu, hawaamini, halafu kelele. Mi nimeiona mara nyingi na kila saa nafikiria darasa la 2018. Walikaa viti hivyo hivyo mwaka mmoja mapema.

Si kila mtu alingoja bilionea. Kulikuwa na kampuni ya vyuo vya biashara, Corinthian Colleges, kampasi kila mahali, matangazo kila mahali, ikiahidi watu kazi zenye hazikuwa. Kamala Harris aliishtaki 2013 akiwa mwanasheria mkuu wa California. Ikaanguka 2015. Waliosoma huko wakabaki na mikopo ya cheti ambacho waajiri hawakitaki. Basi wasee 15 wakatangaza: hatulipi. Mgomo wa deni. Watu 15 dhidi ya serikali ya Marekani, inachekesha hata kuandika. Wengine wakajiunga. Juni 2022 serikali ilifuta mikopo yote ya Corinthian, watu 560,000, dola bilioni 5.8. Ilichukua miaka saba.

Sasa turudi kwa Biden. Korona ilipoingia Machi 2020, utawala wa Trump ulisimamisha malipo na riba ikawa sufuri. Hiyo pause iliongezwa, ikaongezwa, mpaka 2023. Cuzo anasema hiyo ndo miaka pekee alipumua. Agosti 2022 Biden akatangaza: kama unapata chini ya dola 125,000 kwa mwaka, tunafuta dola 10,000 ya deni yako, na kama ulikuwa unapata ile ruzuku ya Pell ya watoto wa familia za chini, 20,000. Watu kama milioni 26 walituma maombi au majina yao yakawa tayari kwa mfumo, milioni 16 wakakubaliwa. Cuzo alikuwa ndani. Alikuwa wa Pell. Deni yake ingebaki dola 11,000 hivi.

Halafu majimbo sita yanayoongozwa na Republican yakaenda kortini. Na hapa sheria ya Marekani inakuwa sinema. Huwezi kushtaki bila kuonyesha umeumizwa. Sasa jimbo linaumizwaje na mtu kusamehewa deni? Wakapata jibu: Missouri ina shirika lake, MOHELA, linalopata ada kwa kusimamia mikopo. Mikopo ikifutwa, MOHELA itapoteza kama dola milioni 44 kwa mwaka. MOHELA yenyewe haikushtaki mtu! Lakini hiyo ilitosha. Juni 30, 2023, Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikasema sheria ya 2003 ambayo Biden alitegemea inaruhusu kurekebisha mikopo wakati wa dharura, si kuandika upya mfumo mzima. Jaji Elena Kagan akapinga, akisema mahakama imejiingiza kwa kazi isiyo yake. Haikubadilisha kitu. Barua za kukubaliwa zikawa karatasi.

Kusema ukweli wale wa upande ule mwingine wana point, na sipendi watu wanaojifanya haiko. Zaidi ya nusu ya watu wazima Marekani hawana digrii. Kuna fundi wa mabomba Oklahoma aliyekwepa college ju aliogopa deni. Kuna mwingine aliyekula tambi miaka nane amalize yake. Unamwambia nini ukichukua kodi yake kumfutia wakili? Hilo swali ni halali. Na kufuta deni bila kugusa karo ni kupiga deki na bomba bado linavuja.

Lakini kuna tukio moja hiyo wiki ya Agosti 2022 ninalipenda sana. Mbunge Marjorie Taylor Greene alienda kwa TV kusema si haki watu kusamehewa. Akaunti ya White House ikamjibu hadharani: wewe mwenyewe ulisamehewa zaidi ya dola 180,000. Hiyo ilikuwa ile mikopo ya biashara ya wakati wa korona, karibu dola bilioni 800 kwa ujumla, na nyingi ilifutwa. Watetezi wake watakuambia hiyo ilipangwa kusamehewa tangu mwanzo, na ni kweli. Kwa hivyo inawezekana kupanga deni isamehewe. Ni kuamua tu nani.

Njia iliyobaki kwa cuzo ni moja. Kuna mpango wa tangu 2007: fanya kazi serikalini au kwa shirika lisilo la faida, lipa mara 120, yaani miaka kumi, inayobaki inafutwa. Mwanzoni ulikuwa aibu. Watu wa kwanza walipotuma maombi, 99 kwa kila 100 walikataliwa: fomu si yenyewe, aina ya mkopo si yenyewe. Chini ya Biden ilirekebishwa, na kwa hii na njia zingine zaidi ya watu milioni tano walifutiwa. Kwa hivyo cuzo akaacha hospitali binafsi iliyokuwa inalipa poa, akaingia ya umma. Akachagua mpango mpya wa malipo wa 2023, unaitwa SAVE. Mwaka uliofuata korti ikausimamisha. Akawekwa kwa kusubiri, na miezi ya kusubiri haihesabiwi kwa zile 120. Agosti 2025 riba ikaanza kukimbia tena. Anafanya kazi ile ile, kwa wagonjwa wale wale, na saa yake imesimama.

Sheria mpya ambayo Trump alisaini Julai 4, 2025 inaleta mpango mwingine, ambapo riba usiyofikia haitaongezwa kwa deni. Hiyo ni poa, lazima niseme. Lakini nje ya kazi za umma kusamehewa kunakuja baada ya miaka 30. Na kwa wanaosoma zaidi ya digrii ya kwanza, kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali una kikomo. Inayobaki, tafuta benki. Unakumbuka za benki.

Nilimpigia alfajiri ya kwao. Alikuwa kwa parking ya hospitali, shift imeisha, bado hajawasha gari. Nikamwambia nimesoma. Akauliza, "Uko na yako ya ngapi?" Nikamtajia. Akanyamaza, akasema hiyo ni bei ya simu yake. Tukacheka wote wawili. Halafu akasema atamtumia mdogo wangu doo ya tiketi na jaketi ya baridi, hiyo ameshaweka kando. Lakini jina lake kwa hiyo fomu, hapana. Akaniomba nimwambie mathe mimi, ju yeye akisema inasikika vibaya.

Mathe anarudi soko saa kumi na mbili. Nimeandika hizi hesabu zote nyuma ya risiti ya stima.